Maiki Niliyomnunulia Mama

Mimi sijawahi kuogopa kitu chenye waya. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watakaosoma na kudhani kuna mwanamume alinishika mkono. Hakuna. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi redio barazani kwetu Temeke, na mimi ndiye niliyemshikia tochi alipoinamia matumbo ya redio za watu. Alipofariki, kaka zangu walichukua baiskeli na suti. Mimi nikachukua pasi yake ya kuunganishia nyaya kwa risasi, mita ya kupimia umeme, na hedfoni moja yenye sponji zilizochakaa. Walinicheka sana. Baadaye nikawa karani wa kupiga chapa mjini, na kila nikirudi kazini nilikuta redio kaseti mbovu zikinisubiri mlangoni. Wale wale walionicheka walileta na za kwao.

Miaka hiyo ya mwanzo wa tisini biashara zilikuwa zimefunguliwa, na Kariakoo ilijaa vitu ambavyo utotoni tuliviona kwenye magazeti ya kufungia karanga. Kila aliyejaliwa kupanda ndege kwenda Dubai alirudi na maboksi. Watu walinunua kwanza, wakauliza matumizi baadaye. Nilishawahi kuletewa mashine ya kukaushia nywele niitengeneze, mwenyewe akidhani ni ya kupulizia jiko la mkaa. Mimi sikuwa mtu wa kununua hivyo. Kwangu kila kitu kilipimwa kwanza, na aliyeona nasumbua alikuwa huru kufunga duka.

Mama yangu alikuwa mwimbishaji. Katika mtaa wetu hakuna bibi arusi aliyeingia kwa mumewe bila mama kusimama mlangoni na kumwimbia, huku wanawake wakimwitikia. Kila arusi ilikuwa na wimbo wake. Nyimbo hizo alizitunga uani, akichambua mchele na wenzake, na hakuandika hata mmoja. Herufi za shule hakuzijua. Zile za Kiarabu za chuoni alizijua vizuri, ila alisema hizo ni za dua, si za kuandikia nyimbo za kuwacheka mama wakwe. Kwa hiyo nyimbo zote zilikaa kichwani mwake, na njia pekee ya kutoka ilikuwa koo lake.

Koo hilo ndilo lililopata tezi. Lilikua taratibu kwa miaka, yeye akilifunika kwa ushungi, mpaka ikafika siku akawa anahema akipanda ngazi tatu za baraza. Hospitali wakasema litolewe. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, akatueleza bila kuficha: kuna mshipa mwembamba wa fahamu unaoendesha sauti, umepita nyuma kabisa ya tezi, naye angejitahidi asiuguse, lakini hawezi kuapa. Mama akasema inshallah. Tulipofika nyumbani akavua viatu, akaketi, akasema, "Wakichukua na sauti nitabaki na nini mie? Meno yenyewe yamebaki ya kuhesabu."

Nilicheka, kisha nikaenda chumbani kulia. Siku ya kulazwa ilikuwa Jumatatu, wiki tatu mbele. Nikaamua kwamba kabla ya Jumatatu hiyo nyimbo zote za mama zitakuwa kwenye kaseti.

Redio kaseti yetu ilikuwa na kijimaiki chake cha ndani, nikakijaribu kwanza. Kilisikia mguno wa mota yake kuliko kilivyomsikia mama, na sauti yake ilitoka kana kwamba yuko ndani ya pipa. Sikutaka wajukuu waje kumsikia bibi yao akiwa ndani ya pipa. Nilihitaji maiki ya pembeni, ya bei ninayoimudu, na nilijua kabisa nitaipata.

Nilizunguka maduka kwa siku tatu baada ya kazi, mpaka nikafika kwa muuzaji mmoja wa makamo, mtu wa pwani kama sisi, kofia yake imekaa upande na mdomo haupumziki.

"Sista, unataka maiki ya nini? Ya mkutano, ya kanisani au ya bendi?"

"Ya mama yangu. Anaimbisha arusi."

"Aa, basi ishu imeisha. Chukua hii." Akanipa moja ya jukwaani, yenye kichwa cha wavu, nzito kama mchi. "Hii hata ikianguka inaendelea na kazi. Wanamuziki wote ndiyo wanayo."

"Mama yangu haangushi vitu," nikamwambia.

Ile maiki haikuwa mbaya, na nitaisema kwa haki. Imetengenezwa isikie mdomo ulioikaribia na kuyapuuza mengine yote, ndiyo maana watu wa bendi wanaipenda. Lakini unapaswa kuishika kama unataka kuila. Mama huimba kwa mikono yote miwili, na shingo humgeukia yule anayetaniwa. Akisogea hatua mbili tu, maiki ya namna ile inakuwa kiziwi, nawe unaongeza sauti ya mashine mpaka unasikia mvumo mtupu.

Akanitolea ya pili. Hiyo ilikuwa kondensa kubwa, imelala kwenye boksi lenye kitambaa laini, akaniambia ni ya studio. Nikamuuliza umeme wake unatoka wapi.

"Umeme gani tena, sista? Unachomeka tu."

Kondensa haiendi kwa kuchomeka tu. Ndani yake mna utando mwembamba unaohitaji umeme ndipo usikie, na zile kubwa huupata kupitia waya wake kutoka kwenye mashine maalumu ambayo mimi sikuwa nayo. Bila hiyo ni pambo la kabati. Nilimwacha aichomeke mwenyewe. Akapuliza, kimya. Akagonga kwa kidole, kimya. "Moja mbili, moja mbili," kimya.

"Labda inaona haya," nikasema. Alicheka mpaka kofia ikanyooka, na hapo nikaanza kumpenda. Lakini kuinunua kungekuwa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi asiye na kichwa.

Ya tatu niliiona mwenyewe. Zilikuwa mbili za namna moja, zimetupwa kwenye kabati la kioo katikati ya rimoti, nyembamba kama kalamu ya wino. Hizo pia zilikuwa kondensa, ila kila moja ilibeba umeme wake mwenyewe: betri moja ndogo kama ya saa ya ukutani. Bei yake ilikuwa ya chini kwa sababu hakuna aliyezitaka. Zilionekana dhaifu.

"Hizo za kuchezea watoto, sista. Usije ukanilaumu."

Nilikuwa nimebeba redio yetu, hedfoni ya baba, kaseti mpya, na doti ya khanga ambayo haijaguswa na maji. Nikaviweka vyote juu ya kaunta na kumwomba mwenye duka aende akasimame mlangoni. Kwanza aikunjue ile khanga polepole, kisha aseme: sasa sisi sote na sisimizi. Wateja wakaanza kukusanyika. Kwa maiki ya jukwaani nilisikia mtu anayeongea kutoka kisimani, na khanga sikuisikia kabisa. Kwa ile ndogo nilisikia wanga wa khanga ukichakarika kila mkunjo, nikasikia kila S imekaa mahali pake bila kunichoma sikio, na nyuma ya hapo nikasikia kitu kinagonga tik, tik, tik. Nikatoka nje kutafuta. Alikuwa mzee ameketi kwenye kibao, anavuta tasbihi.

Hapo moyo wangu ukatulia. Sifichi kwamba chini kabisa palikuwa na mvumo mdogo, maana kondensa ya bei nafuu ina pumzi yake. Lakini sauti ya mama ingeufunika bila taabu. Nikajaribu na ile ya pili yake, hiyo ikawa inatatarika kama chumvi iliyotupwa motoni. Ilikuwa imekaa upande wa kabati usio na kioo, na unyevu wa Dar hauna huruma na vitu hivyo. Nikachukua ya kwanza. Nyumbani nilikuja kuiweka kwenye kopo la mchele mkavu, na haikuwahi kunisumbua.

"Mali ikishauzwa hairudi," akasema mwenye duka.

"Nami sirudi," nikamjibu, nikaondoka kifua mbele.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kulazwa nikageuza chumba changu studio. Magodoro mawili nikayasimamisha ukutani, dirisha nikaliziba kwa blanketi, maiki nikaining'iniza kwenye ndoano ya chandarua ili ikae juu kidogo ya paji la uso wa mama. Nyumba yetu ni ya vyumba sita na ukumbi katikati, na ndani ya vyumba sita kuna kelele za kila aina, kwa hiyo nilipiga chapa tangazo na kulibandika mlango wa uani: kuanzia adhuhuri hadi alasiri hakuna kutwanga, hakuna redio, hakuna kugombana. Wote walitii. Sijapata kuisikia nyumba ile imenyamaza kiasi kile, labda siku ya msiba wa baba.

Mama akaketi mkekani, ushungi umeshushwa mabegani, tezi liko wazi. Nikavaa hedfoni, nikampa ishara.

"Karibu mwanangu ndani," akaimba. Kisha akanyamaza, akatazama mlangoni.

"Endelea, mama."

"Niendeleeje? Hawajaitika."

"Hakuna wa kuitika, tuko wawili tu. Imba mistari yako moja kwa moja."

"Basi itika wewe."

"Mie nikiitika naharibu mashine."

Akajaribu. Aliimba mistari yake yote akiifuatanisha bila nafasi, mtu ungedhani anataja vitu vya kununua sokoni. Nikamrudishia asikie. Ilikuwa safi, kila herufi inasikika, na haikuwa na uhai hata kidogo. Tukarudia. Tukarudia tena. Kila mstari ulipofika mwisho sauti yake iliinuka kidogo, ikasubiri, ikaanguka. Wimbo wa pili ukawa vivyo hivyo, na wa tatu akausahau katikati, yeye ambaye sikuwahi kumwona amesahau neno.

Nami hasira zikanipanda. "Mama, Jumatatu hii sauti inaweza isiwepo, na wewe unanichezea!"

"Unadhani sijui?" akasema. Halafu, kwa upole ulioniumiza kuliko kofi: "Mie sijawahi kuimba peke yangu, mwanangu. Hata jikoni. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamwomba radhi, naye akapangusa uso kwa ncha ya ushungi na kusema haya, mara moja ya mwisho, kuniridhisha tu. Akaimba: "Karibu mwanangu ndani." Akasubiri kwa mazoea. Nami nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono kuzima mashine, mara ukuta ukajibu:

"Mkeka tumetandika."

Alikuwa mwalimu, mpangaji wetu wa chumba cha pili, mwanamke wa bara, Mlutheri wa kwaya, aliyekaa nasi miaka minne. Sauti yake ilikuja imenyooka kama rula. Nilimkasirikia mno. Nilikuwa nainuka kwenda kuupiga ukuta ngumi, lakini mama alikuwa ameshashika mstari wa pili, "Maji ya kunawa haya," na mikono imeamka, shingo imegeuka upande wa ukuta, na kwenye hedfoni nikamsikia mama yangu. Mama mwenyewe, yule wa mlangoni, anayeweza kumfanya mama mkwe acheke bila kutaka.

"Na taa tumeiwasha," ukuta ukajibu.

Niliketi chini. Niliona aibu na furaha kwa pamoja, na sioni haya kuandika kwamba nililia juu ya mashine ya watu wa Japani. Mimi niliyejua kupima kila waya nilikuwa nimeukata wimbo nusu, nusu moja nikaifungia nje, kisha nikamlaumu mwenye wimbo.

Wimbo ulipoisha mwalimu akabisha hodi, mikono imejaa povu la sabuni. "Shikamoo mama. Dada, nisamehe, tangazo nililisoma. Lakini mama alikuwa anaachwa hewani. Nilishindwa kuvumilia."

"Marahaba," mama akasema. "Keti, mwalimu. Mwambie huyu fundi wangu."

Kesho yake, mwalimu aliporudi kutoka kanisani, niliwaalika wanawake wote waliozoea kumwitikia mama. Tangazo nililichana. Maiki niliipeleka uani na kuifunga kwenye kamba ya kuanikia nguo, na hapo wembamba wake ukawa baraka, maana ile nyingine nzito ingeivuta kamba mpaka chini. Mama nikamweka karibu nayo, wengine nikawapanga nusu duara kwa nguvu ya sauti zao. Wenye sauti ndogo walikaa mbele. Muuza chapati wa nyumba ya nyuma, ambaye akikuita kutoka kwake unaitika ukiwa kwetu, nikampeleka mwisho kabisa, ubavuni mwa bafu.

"Yaani mie ndio nakaa msalani?"

"Hapo ndipo unaposikika vizuri kuliko wote, shangazi," nikamwambia, na wala sikudanganya. Jogoo nikamfunikia tenga.

Waliimba kuanzia baada ya adhuhuri mpaka jua likapoteza ukali. Nyimbo kumi na saba. Ile maiki iliyoonekana dhaifu ikawachukua wote: mama karibu, wenzake nyuma yake, muuza chapati kwa mbali lakini yupo, makofi, khanga zinazochakarika, ndege iliyopita juu, na mtoto aliyeuliza kama kuna pilau. Sikusimamisha mashine ila kugeuza kaseti. Kusema kweli nilikuwa nimechagua vizuri kwa sababu mbaya. Niliinunua ili nisikie pumzi ya mtu mmoja, kumbe thamani yake ilikuwa ni kwamba haibagui. Ile ya jukwaani ingenipa mama tu, na mama peke yake, kama alivyosema mwenyewe, hakuwahi kuwapo.

Operesheni ilikwenda salama. Tezi lilitoka, kidonda kikapona, mama akawa analala chali bila kuhema. Sauti ndiyo haikurudi kama ilivyokuwa. Ya chini ilirudi, nzito na yenye mikwaruzo, na ilikatika katikati ya neno. Ya juu, ile ya kuimbia mlangoni, haikurudi tena. Daktari alikuwa ametuonya, hatukuwa na la kumlaumu. Arusi ya kwanza ilipopita mtaani, mama alituma udhuru akasema ana kazi, na siku nzima nilimwona akichambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa.

Kaseti hakutaka kuisikia. Nikamwekea mara mbili, mara mbili akasema baadaye. Nami nilianza kuogopa kwamba nimemtengenezea kitu cha kumkumbusha alichopoteza, na kwamba busara yangu yote ya madukani imezaa kidonda kingine.

Ijumaa moja wanawake walikuja kumjulia hali, mwalimu akiwamo, wakaketi naye uani. Muuza chapati akataka kujua kama kweli alisikika vizuri kule bafuni. Wote wakamwunga mkono. Mama akaninyooshea kidevu: weka. Nikaweka.

Redio ikaimba kwa sauti ya zamani ya mama: "Mama mkwe kaa chini." Waliomo kwenye kaseti wakaitika, "Mgeni ana salamu." Wanawake wa uani walikuwa wakimtazama mama, na mama alikuwa akitazama viganja vyake. Mstari wa pili ukapita hivyo, na wa tatu. Nikasogeza kidole kwenye kitufe cha kuzima.

Redio ikafika mstari wa nne, ikamaliza, ikasubiri. Na mama akainua uso. Kwa ile sauti yake mpya, iliyopasuka, aliitika pamoja na wenzake wa kwenye kaseti, neno kwa neno, mahali pake hasa. Mwalimu akaingia, kisha muuza chapati, kisha wote. Mama hakuwa ameitikia wimbo wowote tangu nimjue. Sasa aliitika wimbo mzima, akipiga makofi, macho kwenye redio, kwa heshima ile ile ambayo wenzake walimpa yeye miaka yote.

Ulipoisha, nikazima mashine ili apumzike. Alinigeukia na kusema kwa mikwaruzo, "Mbona umezima? Huyu mwimbishaji anajua. Acha aendelee, tumwitikie."